Saa ya Shauri Lako Imeshaanza Kuhesabu

Tarehe 21 Novemba 2019 Serikali ya Tanzania iliwasilisha barua Umoja wa Afrika, Addis Ababa, ikifuta tamko ililokuwa imeliweka mwaka 2010. Tamko lenyewe linatajwa katika Ibara ya 34(6) ya Itifaki iliyoanzisha Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Ndilo lililomruhusu mwananchi wa kawaida, au asasi isiyo ya kiserikali, kwenda moja kwa moja mbele ya majaji wa Afrika na kuishitaki serikali yake. Ufutaji ulianza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye, tarehe 22 Novemba 2020. Mahakama hiyo iko Arusha, lakini tangu siku ile Mtanzania anayeishi Arusha haruhusiwi kufungua shauri jipya pale peke yake, huku raia wa Malawi au Ghana akiruhusiwa.

Sijui haki nyingine kubwa kiasi hicho iliyotutoka kwa kelele chache namna ile. Sababu moja naiona wazi. Walioitumia zaidi mahakama ile hawakuwa watu wenye sauti. Walikuwa wafungwa. Mashauri mengi dhidi ya Tanzania yalitoka magerezani, Butimba ya Mwanza ikiwa miongoni mwa magereza hayo, yakiletwa na watu waliohukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha na ambao walisimama kizimbani bila wakili. Katika hukumu za Novemba 2015 na Juni 2016 Mahakama ilisema jambo ambalo kila familia yenye ndugu mahabusu ingepaswa kulijua: mtu akishitakiwa kwa kosa zito lenye adhabu kubwa namna hiyo, naye hana uwezo wa kulipa, dola inawajibika kumpa wakili hata kama hakuomba. Wiki moja baada ya barua ya Addis Ababa, tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama hiyo hiyo ikaamua kwamba adhabu ya kifo ya lazima, ile isiyomwachia jaji nafasi ya kupima mazingira ya kosa, inakiuka haki ya kuishi.

Mlango huo umefungwa, na wengi wakadhani ya kimataifa yote yamekwisha. Hayajaisha. Ninachotaka kusema hapa kinahusu wakati. Watu wengi wanaichukulia njia ya kimataifa kama kituo cha mwisho, mahali pa kukimbilia baada ya kila kitu kushindikana. Kwa hiyo wanafika wamechelewa, au wanafika mikono mitupu. Shauri la kimataifa hushinda au hushindwa kwa yale yaliyofanyika nyumbani katika wiki za mwanzo, tena kuna chombo ambacho saa yake huanza kuhesabu siku ileile unapoumizwa. Anayesubiri kwanza ashindwe nyumbani ndipo aulizie ya kimataifa, tayari amepoteza mlango mmoja.

Tuanze na Arusha yenyewe, maana ina mahakama mbili na watu huzichanganya kila siku. Wapo hata wanaoongeza ile ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyofunga kazi mwishoni mwa 2015. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ni ya Umoja wa Afrika, na hiyo ndiyo niliyoizungumzia. Ya pili ni Mahakama ya Afrika Mashariki, chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyozinduliwa Novemba 2001. Hii haihitaji tamko lolote la serikali. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inampa mtu yeyote anayeishi katika nchi mwanachama haki ya kupinga sheria, kanuni, agizo, uamuzi au kitendo cha nchi hiyo kwa hoja kwamba kinakiuka Mkataba. Wala haidai umalize kwanza mahakama za nyumbani. Unaweza kutoka nyumbani kwako moja kwa moja hadi kwenye masijala yake.

Ila inabidi ujue kuisemesha. Mkataba wa Jumuiya haukuipa mahakama hii mamlaka kamili ya haki za binadamu. Ibara ya 27 iliyaacha hayo kwa itifaki ya baadaye. Kilichoifungua njia ni shauri la Uganda. Novemba 2005 washtakiwa wa uhaini walipewa dhamana na Mahakama Kuu ya Kampala, watu wenye silaha wakaizingira mahakama na dhamana ile ikakosa maana. Jambo hilo lilifikishwa Arusha, na tarehe 1 Novemba 2007 majaji wakasema hivi: hawatajipa mamlaka ya haki za binadamu ambayo Mkataba haujawapa, lakini pia hawatakwepa kazi yao ya kutafsiri Mkataba eti kwa sababu tu ndani ya malalamiko kuna haki za binadamu. Kwa hiyo ukienda pale hoja yako inajengwa juu ya Ibara ya 6(d) na 7(2), yaani utawala bora, utawala wa sheria na heshima kwa haki ambazo nchi wanachama waliahidiana. Mlalamikaji anayeandika kwamba amevunjiwa haki zake akaishia hapo atarushiwa pingamizi la awali na pengine litakubaliwa.

Halafu kuna miezi miwili. Hapa ndipo watu wanapoumia. Mkataba unasema shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu sheria ilipotungwa, agizo lilipotolewa au kitendo kilipofanyika, au tangu mlalamikaji alipokijua. Asasi moja ya Kenya inayoshughulikia waathirika wa mateso ilipeleka pale madai mazito ya mauaji na mateso katika operesheni za Mlima Elgon. Madai yaliwahusu maelfu ya watu. Ngazi ya kwanza ya mahakama ilikubali kulisikiliza, hoja ikiwa kwamba ukiukaji wa namna ile hauwezi kuhesabiwa kwa kalenda. Machi 2012 Divisheni ya Rufani ikakataa. Ikasema Mkataba haukuwapa majaji uwezo wa kuongeza muda, wala haukuweka msamaha kwa ukiukaji unaoendelea. Waathirika wale hawakushindwa kwa kuwa walidanganya. Walishindwa kwa tarehe.

Naiona hukumu ile kuwa ngumu kupita kiasi, na ningependa siku moja wakuu wa Jumuiya waubadili Mkataba wenyewe, kwa sababu mtu aliyezika mwanawe hawezi kuwa na wakili ndani ya siku sitini. Lakini mpaka hapo, sheria ndiyo hiyo. Walioijua waliitumia. Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ilisainiwa Novemba 2016. Baraza la Habari Tanzania, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu walikuwa Arusha Januari 2017. Tarehe 28 Machi 2019 mahakama ikaona vifungu kadhaa, vikiwemo vya uchochezi na kashfa ya jinai, vinakiuka Mkataba. Mwaka 2023 Bunge likaifanyia sheria hiyo marekebisho, ingawa hayakugusa kila kilicholalamikiwa.

Sasa geukia Banjul, Gambia, kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uone mambo yanavyokuwa kinyume. Tume inasimamia Mkataba wa Afrika wa 1981, ambao Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi, Rwanda na Kongo zote zimeuridhia. Hapa mtu binafsi au asasi inaruhusiwa kulalamika bila tamko lolote la serikali na bila ada. Lakini Ibara ya 56 inataka kwanza umalize nafuu za ndani: ufungue shauri nyumbani, ukate rufaa, ufike mahakama ya juu kabisa, isipokuwa kama njia hizo hazipatikani, hazina msaada, au zimevutwa kupita kiasi.

Tazama basi mtego aliomo mwananchi mnyoofu. Akifuata utaratibu wa nyumbani kwa uvumilivu, miaka mitatu ikapita, mlango wa Mahakama ya Afrika Mashariki umeshafungwa siku nyingi. Akikimbilia Banjul wiki ya pili, atarudishwa. Ushauri wangu ni kwamba siku za mwanzo, pamoja na kutafuta matibabu na kuripoti polisi, mtafute mwanasheria au kituo cha msaada wa kisheria na umuulize swali moja: tukiondoa mahakama za hapa, ni vyombo gani vinaweza kulisikia jambo hili na muda wa kila kimoja unaisha lini? Andika tarehe hizo. Ndiyo maana naisema saa.

Kwa upande wa nafuu za ndani, lipo jambo linalompa nguvu Mtanzania. Mawakili wa Serikali walizoea kudai mbele ya Mahakama ya Afrika kwamba mlalamikaji alipaswa pia kuomba mapitio ya hukumu ya Mahakama ya Rufani, na kufungua shauri la kikatiba Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi. Mahakama ikajibu, shauri baada ya shauri, kwamba hizo ni njia za ziada na mtu halazimiki kuzipitia. Ukiwa umefika Mahakama ya Rufani kwa rufaa ya kawaida, umefika. Banjul si Arusha na huamua kwa utaratibu wake, lakini msimamo huo ni wa kuuweka mkononi.

Ibara ya 56 ina masharti mengine, na mawili yanawahusu sana watu wetu wa mitandaoni. La kwanza ni lugha. Malalamiko yasiwe na matusi au maneno ya kudhalilisha nchi inayolalamikiwa. Asasi moja ya Cameroon iliandika kwamba utawala wa nchi yake ni wa watesaji na wa kihalifu, na Tume ikayakataa malalamiko, tuhuma zenyewe zikiwa nzito kweli. Mimi siipendi kanuni hii, kwa sababu aliyeteswa ana haki ya kumwita mtesaji kwa jina lake. Lakini hasira yako iweke katika ukweli unaoueleza: nani, lini, wapi, alifanya nini, nani aliona. La pili, malalamiko yasitegemee habari za vyombo vya habari peke yake. Video iliyosambaa ni mwanzo mzuri tu. Mtu aliyeipiga, kama yuko tayari kuapa, ndiye ushahidi.

Na hata Banjul ina saa yake, japo haikutajwa kwa siku. Ibara inasema muda wa kuridhisha. Jaji mmoja wa Zimbabwe aliyekimbilia uhamishoni alipeleka malalamiko baada ya miezi 22 hivi, na Tume ikaona amekawia mno.

Banjul ina faida nyingine ambayo haijulikani vya kutosha. Tanzania ilifuta tamko, haikujitoa kwenye Itifaki. Kenya nayo ni mwanachama wa Itifaki ingawa haijawahi kuweka tamko. Na Itifaki inairuhusu Tume yenyewe kupeleka shauri mbele ya Mahakama kule Arusha. Hivyo ndivyo Waogiek wa msitu wa Mau walivyofika. Oktoba 2009 waliletewa notisi ya siku 30 ya kuondoka msituni. Novemba mwaka huohuo malalamiko yakawa Banjul, na Tume ikaitaka Kenya isitishe utekelezaji. Julai 2012 Tume ikalipeleka shauri Arusha, Machi 2013 Mahakama ikatoa amri ya muda, na tarehe 26 Mei 2017 ikatoa hukumu: Kenya imekiuka haki zao za ardhi, utamaduni, dini na maendeleo. Juni 2022 ikaja hukumu ya fidia, shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa maumivu ya nafsi, pamoja na amri ya kuwarudishia ardhi kwa hati ya pamoja.

Ona tarehe hizo kwa makini. Kati ya notisi na malalamiko palipita wiki chache tu, kwa sababu walikuwa na asasi zilizojua pa kwenda. Kabla ya shauri lao, mwaka 2003, Waendorois wa Ziwa Bogoria walikuwa wamefungua lao Banjul kuhusu ardhi waliyoondolewa miaka ya 1970, wakapata uamuzi wa ushindi mwaka 2009. Njia ilikuwa imeshakanyagwa. Jamii za wafugaji wa Tanzania zenye migogoro ya ardhi zinayo njia hiyohiyo leo. Ni ndefu kuliko ile ya zamani ya kwenda moja kwa moja mahakamani, na hakuna anayeweza kuilazimisha Tume kulipeleka shauri lolote Arusha. Kwa hiyo kurudishwa kwa tamko kubaki kuwa dai la wazi, la kumuuliza kila mgombea ubunge na kila waziri wa sheria. Rwanda ilifuta tamko lake kwanza, ikafuata Tanzania, kisha Benin na Côte d'Ivoire, na kwa sasa katika nchi zote za Jumuiya ya Afrika Mashariki hakuna hata moja inayomruhusu raia wake kwenda mwenyewe mbele ya Mahakama ile. Tunajivunia kuwa wenyeji wa mahakama ya bara zima. Hatuwezi kuendelea kuwa wenyeji ambao watoto wa nyumba hawaruhusiwi sebuleni.

Geneva nako kuna kosa la kawaida. Watu huandika barua kwa Umoja wa Mataifa kana kwamba ni ofisi moja. Malalamiko ya mtu mmojammoja huenda kwa kamati maalumu, kila kamati na mkataba wake, na kila mkataba unataka nchi yako iwe imekubali malalamiko ya raia. Mganda na Mkongo wanaweza kwenda Kamati ya Haki za Binadamu, kwa sababu nchi zao zimeridhia Itifaki ya Nyongeza ya Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Mtanzania na Mkenya hawawezi. Mrundi aliyeteswa anaweza kwenda Kamati dhidi ya Mateso. Tanzania imekubali mikondo miwili ambayo ni muhimu sana: haki za wanawake na haki za watu wenye ulemavu.

Mkondo wa wanawake umeshatumika, na nataka kulieleza shauri hilo polepole. Wanawake wawili wa Shinyanga walifiwa na waume zao. Chini ya Sheria ya Mila iliyotangazwa mwaka 1963, mjane hana fungu la kurithi, na ukoo wa mume ndio unaoshika mirathi. Wakatolewa nyumbani pamoja na watoto wao. Mwaka 2005 wakaenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakubali kwamba sheria hiyo inabagua, lakini ikakataa kuifuta, ikihofia kwamba kubadili mila kwa amri ya mahakama kutaleta mengine yasiyo na mwisho. Wakakata rufaa. Ikakaa miaka minne. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa kwa kuwa amri ya Mahakama Kuu ilikuwa na tarehe isiyo sahihi. Kosa la karani wa mahakama likabebwa na wajane.

Walipofika kwenye Kamati ya Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake mwaka 2012, Serikali ilisema bado walikuwa na nafasi ya kurekebisha kasoro na kurudi. Kamati haikukubali, ikaona mlolongo umeshavutwa kupita kiasi. Machi 2015 ikaamua kwamba Tanzania imekiuka haki zao, iwalipe fidia na ibadilishe sheria hizo za mila. Majina yao hayakuwekwa hadharani, zilitumika herufi tu. Hilo nalitaja kwa makusudi, kwa sababu hofu ya kujulikana kijijini ndiyo inayowazuia wengi. Kamati zinataka kukujua, hazipokei barua zisizo na jina, lakini unaweza kuomba jina lako lisichapishwe.

Mkondo wa ulemavu nao umeshaitikiwa. Mwanamume mwenye ualbino alivamiwa mwaka 2010 akiokota kuni, akapigwa hadi kuzimia, na alipozinduka mkono wake wa kushoto ulikuwa umekatwa. Kesi ya jinai ikaondolewa mahakamani na upande wa mashtaka. Mbele ya Kamati ya Haki za Watu wenye Ulemavu ikajengwa hoja kwamba angeweza kuendesha mashtaka binafsi au kudai fidia ya madai. Agosti 2017 Kamati ikasema kupeleleza na kushitaki uhalifu wa namna hiyo ni kazi ya dola, haiwezi kutupiwa aliyekatwa mkono. Uamuzi huo unafaa kukaririwa na kila anayeambiwa polisi kwamba kesi yake haina mwendeshaji.

Watoto wana chombo chao cha Afrika, Kamati ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto. Ndiyo iliyoamua mwaka 2022 kwamba Tanzania ilikiuka haki za wasichana kwa kuwapima mimba kwa lazima na kuwafukuza shule. Shauri likiwa bado linaendelea, Novemba 2021, Serikali ilikuwa imeshatangaza kwamba wasichana waliojifungua waruhusiwe kurudi madarasani.

Kwa aliyekamatwa leo na ndugu hawajui alipo, hizi zote ni njia za mbali. Kwake kuna Kikundi Kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu Uwekaji Kizuizini Kiholela, ambacho hakijali nchi imeridhia nini wala hakidai umalize mahakama za nyumbani. Ndugu, rafiki au asasi inaweza kukiandikia, na pakiwa na hatari kinaweza kutuma rufaa ya dharura kwa serikali. Katika utaratibu wa kawaida serikali hupewa siku 60 za kujibu. Hakina polisi, lakini mtu aliyeulizwa habari zake kutoka Geneva ni vigumu zaidi kupotezwa.

Kuhusu The Hague, neno moja tu, kwa sababu Wakenya tangu 2008 na sisi baada yao tumelifanya tishio la kila mzozo. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai inawashitaki watu binafsi kwa mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya ubinadamu na uhalifu wa kivita. Unaweza kumtumia mwendesha mashtaka wake taarifa. Shauri la kunyang'anywa kiwanja au kunyimwa dhamana halimhusu.

Narudi nyumbani, kwenye jalada la shauri lako, kwa sababu ndilo lililo mikononi mwa mwananchi. Ukiripoti polisi, namba ya RB, yaani ya taarifa yako katika kitabu cha kituo, huandikwa kwenye kikaratasi ambacho hakimalizi wiki mfukoni. Kipige picha papo hapo, andika jina na cheo cha aliyekuhudumia. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ikirudi kutoka hospitali, toa nakala kabla ya kuikabidhi. Ukikataliwa kufunguliwa jalada, andika barua kwa mkuu wa kituo ukieleza kwamba ulifika tarehe fulani ukakataliwa, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Muhuri huo ndio shauri lenyewe. Mahakama ikiamua, omba siku hiyohiyo, kwa maandishi, nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri. Ukiambiwa njoo wiki ijayo, na ile ijayo, usiende mikono mitupu: kila mara peleka barua ya kukumbushia na igongwe muhuri wa masijala. Baada ya miaka miwili ya kusubiri, aliyekwenda kwa mdomo hana cha kumwonyesha mtu. Mwenye barua saba zenye mihuri saba anao ushahidi kwamba nafuu za ndani zimevutwa kupita kiasi, na Ibara ya 56 imeshamfungulia. Na kwa kuwa kamati za Geneva hufanya kazi kwa lugha rasmi za Umoja wa Mataifa, tafsiri ya hati za Kiswahili ianze kufikiriwa mapema; asasi za msaada wa kisheria huweza kusaidia.

Kitu kingine cha kuamua mapema ni mlango upi. Vyombo hivi havipendi shauri moja lizungushwe. Kamati nyingi za Geneva hazipokei jambo linalosikilizwa au lililosikilizwa na chombo kingine cha kimataifa, na Banjul haipokei lililokwisha kuamuliwa. Anayetawanya nakala za malalamiko yake kila upande kwa matumaini kwamba mmoja atajibu anaweza kujifungia yote.

Na utekelezaji? Hapa lazima tuelezane ukweli. Mchungaji Christopher Mtikila alipigania haki ya mgombea binafsi tangu miaka ya 1990, akashinda Mahakama Kuu, Katiba ikabadilishwa ili ushindi ule usifanye kazi, akashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 2010, akaenda Arusha, na tarehe 14 Juni 2013 yeye na wenzake wakashinda. Alifariki Oktoba 2015, na Tanzania imeendelea kufanya chaguzi zake bila mgombea binafsi. Waogiek, pamoja na hukumu zao mbili, walishuhudia watu wakiondolewa tena Mau Novemba 2023. Hakuna askari wa Banjul au Geneva wa kuja kutekeleza.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema basi ni karatasi tu. Hukumu ya kimataifa inabadilisha nani anayetakiwa kujieleza. Kabla yake mjane ndiye anayeulizwa kwa nini anagombana na wakwe. Baada yake serikali ndiyo inayoulizwa, kila inapokwenda Geneva kuwasilisha ripoti yake ya utekelezaji wa mkataba, imefanya nini kuhusu uamuzi wa 2015. Asasi za ndani zina haki ya kupeleka ripoti mbadala kwenye kikao hichohicho, na wanakamati huzisoma kabla ya kuuliza maswali.

Na uamuzi huo unatumika hapa hapa, wala haumhusu aliyelalamika peke yake. Wakili anayemtetea mjane katika shauri la mirathi, Kahama au Bariadi, anaweza kuuweka mezani kwa hakimu leo: nchi iliridhia mkataba kwa hiari yake, chombo kilichopewa kazi ya kuusimamia kimeshasema kwamba vifungu hivi vya 1963 vinabagua, na Ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza ubaguzi. Hakimu anaweza kukataa. Lakini itabidi aandike sababu, na sababu hizo zitaingia kwenye mwenendo wa shauri, na nakala ya mwenendo huo ataombwa kwa barua.